Damu ya Kanda ya Ziwa ipimwe ikingali mbichi

Kulboksi ilifika na boti ya asubuhi kutoka visiwani, imefungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake tyubu nne za damu zilikuwa zimelazwa juu ya vipande vya barafu. Moja ilikuwa ya mtoto wa miaka sita mwenye sikoseli (ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu), iliyochukuliwa jioni iliyotangulia katika kituo kimoja cha afya hukohuko visiwani. Niliizungusha kwenye mashine, nikanyonya seramu iliyobaki juu. Ilikuwa safi, rangi ya mafuta ya alizeti, bila dalili yoyote ya wekundu. Nikaipima. Potasiamu ikasoma 7.9.

Kwa kawaida namba hiyo hucheza kati ya 3.5 na 5. Ikipita 6.5 daktari hakai chini, kwa sababu mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika wakati wowote. Daktari wa zamu alishuka ngazi mbio, tukaenda kumtafuta mtoto, ambaye alikuwa amevuka na boti ileile pamoja na mama yake. Tulimkuta kwenye benchi la mapokezi anakula embe, maji ya embe yamemtiririka hadi kwenye kiwiko. Tukamchukua damu nyingine, nikaipima palepale. 4.3.

Nimewasimulia kisa hiki wanafunzi wengi wanaokuja kufanya mazoezi maabara, na kila mara wanadhani nataka kuwaonya kuhusu barafu: kwamba damu ya kupima potasiamu isilazwe kwenye baridi, na seramu itenganishwe mapema. Hilo ni kweli na kila mwongozo unalitaja. Mimi kinachonikaa kichwani ni ile seramu safi. Kama seli zingekuwa zimepasuka ningeiona imekuwa nyekundu. Hazikupasuka. Potasiamu ilitoka kupitia utando wa seli uliokuwa mzima kabisa, kidogokidogo, usiku kucha, kwa kuwa mashine ndogondogo zinazoirudisha ndani zilikuwa zimezimwa na baridi. Usiku mmoja ulitosha kuifanya damu ya mtoto yule isitambulike tena kuwa yake.

Hoja yangu inatoka hapo. Utafiti wa jinsi chumvi na kalsiamu zinavyopita kwenye utando wa seli nyekundu hauwezi kufanywa kwa damu iliyosafiri. Lazima ufanyike karibu na mgonjwa. Na wagonjwa ambao utafiti huo unawahusu kuliko watu wengine wengi duniani wako hapa, kandokando ya Ziwa Victoria.

Tuanze na seli yenyewe. Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini wala vile viwanda vya nishati vilivyomo kwenye seli nyingine. Ni mfuko wa utando uliojaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni, unaozunguka mwilini kwa siku 120 hivi. Ndani yake potasiamu ni nyingi na sodiamu ni kidogo, ilhali nje, kwenye maji ya damu, mambo ni kinyume chake. Utando unavuja, kama mtumbwi wa mbao uliokaa majini muda mrefu, na anayeuokoa usizame ni yule aliyekaa nyuma akifua maji bila kupumzika. Mfuaji huyo ni pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili kwa kila chembe moja ya ATP, yaani nishati ya seli, inayoichoma. Jens Christian Skou wa Denmark aliielezea mwaka 1957 baada ya kuchunguza mishipa ya fahamu ya kaa, na akapewa Tuzo ya Nobel miaka 40 baadaye. Barafu ya kulboksi yetu ilimlaza mfuaji huyo usingizi, tundu za mtumbwi zikabaki wazi.

Kalsiamu ina habari kubwa zaidi. Nje ya seli, kalsiamu iliyo huru ni kama milimoli 1.2 kwa lita. Ndani haifiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya kiwango hicho. Sijui mpaka mwingine mwilini unaolindwa kwa ukali kama huu kwa gharama ndogo hivi. Mlinzi wake aligunduliwa mwaka 1966 na Hans Jürgen Schatzmann, aliyekuwa Bern, Uswisi. Alizijaza kalsiamu seli nyekundu, akaona kwamba zikiwa na ATP zinaisukuma nje hata pale ambapo nje kumejaa tayari. Miaka minane kabla yake György Gárdos wa Hungaria alikuwa ameona upande wa pili: seli iliyonyimwa nishati humwaga potasiamu yake, lakini humwaga pale tu kalsiamu inapokuwepo. Leo tunajua kwamba kuna mlango kwenye utando unaofunguliwa na kalsiamu kutokea ndani. Mlango huo unaitwa kwa jina la Gárdos. Ukifunguka, potasiamu hutoka, maji huifuata, na seli husinyaa.

Msomaji anaweza kuuliza seli ya mtu mzima wa afya inahitaji mlango wa hatari kama huo kwa kazi gani. Seli nyekundu ina upana wa mikromita 7 au 8, nayo hupita kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Inapobanwa, protini moja ya kwenye utando iitwayo Piezo1, ambayo maabara ya Ardem Patapoutian iliitangaza mwaka 2010, huhisi mvutano na kuruhusu kalsiamu kidogo kuingia. Mlango wa Gárdos hufunguka kidogo, seli hupungua kidogo. Ikishapita, pampu ya Schatzmann huitoa kalsiamu na mlango hufungwa. Ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Kwa mwenye sikoseli mlango haufungwi kwa wakati. Himoglobini yake ikipoteza oksijeni hushikana na kuwa nyuzi ngumu, nyuzi huusukuma utando, kalsiamu huingia zaidi ya inavyopaswa, potasiamu na maji hutoka. Ubaya wa kutoka kwa maji umo kwenye hesabu ambayo kila mtaalamu anayeshika mgonjwa wa sikoseli angepaswa kuijua kama anavyojua jina lake. Mwaka 1974 Hofrichter, Ross na Eaton walionyesha kwamba muda ambao himoglobini ya sikoseli hungoja kabla ya kuanza kushikana hutegemea ukolezo wake kwa kipeo cha 30 hivi. Kwa lugha ya sokoni: seli ikipoteza maji hadi himoglobini ikolee kwa asilimia 10 tu, muda wa kungoja unapungua mara 17 hivi. Seli iliyokuwa na nafasi ya kupita kwenye tishu na kurudi kwenye mapafu kabla nyuzi hazijaundwa, sasa inakwama katikati ya njia. Maumivu ya mtoto anayelia usiku akishika mguu yako kwenye hesabu hiyo. Tofauti ya vinasaba ni ileile kwa kila mwenye ugonjwa. Tofauti ya maji si ileile kwa kila seli, wala kwa kila mtoto, wala kwa kila wiki.

Ndiyo maana nasema ziwa hili linahusika. Mwaka 1954 A. C. Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyebeba kinasaba kimoja tu cha sikoseli hulindwa dhidi ya malaria. Miaka miwili baadaye alichapisha hesabu za Musoma, hapo juu tu kwenye ufuko huuhuu. Kati ya watoto wachanga 287 aliowapima, 89 walibeba kinasaba kimoja na 9 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Kati ya watu wazima 654, waliobeba walikuwa 249 na wenye ugonjwa 5. Soma namba hizo taratibu. Wabebaji waliongezeka kutoka 31 kwa kila 100 hadi 38, kwa kuwa malaria iliwapunguza wenzao. Wagonjwa walishuka kutoka mmoja kwa kila watoto 32 hadi mmoja kwa kila watu wazima 131. Waliopungua hapo katikati walizikwa wakiwa wadogo, na hakuna aliyeandika kwamba wamekufa kwa sikoseli.

Namba za karibuni haziko mbali. Utafiti uliofanyika katika hospitali ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2020 ulitumia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, zaidi ya 17,000, ambayo yalikuwa yamekusanywa kutoka kwa watoto wa mikoa ya kaskazini magharibi kwa ajili ya kipimo cha VVU. Watoto 20 kwa kila 100 walibeba kinasaba kimoja, na 1.2 kwa kila 100 walikuwa na ugonjwa. Ilikuwa akili kubwa kutumia tena karatasi ambazo zingekaa kwenye maboksi, na nawavulia kofia waliofanya kazi ile.

Lakini tazama karatasi ile inaweza nini na haiwezi nini. Tone likikauka, himoglobini yake bado inasomeka na vinasaba vyake vinabaki, iwe imetoka Ukerewe kwa boti au imevuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Unaweza hata kuituma ng'ambo kwa bahasha. Utando, pampu, mlango wa Gárdos, kiwango cha kalsiamu, maji yaliyomo ndani ya seli, vyote hivyo vimekwisha tone lilipokauka. Kwa miaka mingi damu ya Afrika imeshiriki sayansi kwa umbo la karatasi na vinasaba. Upande wa utando umebaki kwa watu wenye maabara karibu na mtoaji damu, na mtoaji damu huyo amekuwa mtu wa Bern, wa Cambridge, wa Boston.

Vinasaba vyenyewe ndivyo vinavyotuelekeza kwenye utando. Mwaka 2012 utafiti wa watoto wa Ghana ulipata kwamba sehemu ya kinasaba kiitwacho ATP2B4 inahusiana na kinga dhidi ya malaria kali. Kinasaba hicho ndicho kinachotengeneza pampu ya kalsiamu ya seli nyekundu, ileile ya Schatzmann. Utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa mwaka 2019, wenye sampuli za Tanzania ndani yake, ulithibitisha jambo hilo. Mwaka 2018 ikaonekana kwamba theluthi moja hivi ya watu wenye asili ya Afrika wamebeba umbo fulani la Piezo1 ambalo huzifanya seli ziwe kavu kidogo, na panya waliopewa seli kavu za namna hiyo hawakuugua malaria vibaya kama wenzao. Mlinzi wa kalsiamu na mlango wake wa kuingilia, vyote viwili vinaonekana kuguswa na malaria kwa vizazi vingi. Sasa mtoto wa Sengerema anaweza kuwa na sikoseli, ambayo huumia seli zikikauka, na hapohapo amerithi Piezo1 inayozikausha. Kwa mmoja jambo lile lile linamkinga na malaria kali, kwa mwingine linamwongezea maumivu. Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa Boston. Watoto wenye hali hiyo wanaishi huku, na damu yao haivumilii safari.

Kuna dawa ambayo historia yake inaniuma. Inaitwa senicapoc, na kazi yake ni kuuziba mlango wa Gárdos. Matokeo ya majaribio yake ya mwisho kwa wagonjwa wa sikoseli yalichapishwa mwaka 2011. Seli zilidumu zaidi, himoglobini ikapanda, uharibifu wa damu ukapungua. Vipindi vya maumivu havikupungua, na kwa kuwa maumivu ndiyo yaliyokuwa yamechaguliwa kuwa kipimo cha mafanikio, jaribio lilisimamishwa na dawa ikawekwa kando. Siwalaumu waliochagua kipimo hicho. Katika nchi ambako damu ya kuongezewa ipo muda wote na malaria haipo, maumivu ndiyo yanayompeleka mgonjwa hospitali. Lakini kaa usiku mmoja kwenye wodi ya watoto ya kanda hii msimu wa mvua. Utaona mtoto ameletwa na himoglobini 4, viganja vyeupe kama karatasi, baba anazunguka kutafuta ndugu wa kuchangia damu. Kwa mtoto huyo dawa inayopandisha himoglobini isingehukumiwa kwa maumivu peke yake. Na mwaka 2016 watafiti walichapisha kwamba senicapoc hiyohiyo huzuia vimelea vya malaria kukua. Sisemi ingefaa. Himoglobini ikipanda damu huwa nzito, na damu nzito yaweza kuleta maumivu yake yenyewe, pengine ndiyo sababu jaribio lilikwenda vile. Nasema swali liliulizwa mahali ambapo nusu yake haikuwepo.

Najua atakayenijibu, na ana haki. Atasema: wewe unazungumzia milango ya kalsiamu wakati kuna watoto hawajapata haidroksiyurea. Nakubaliana naye kwa moyo wote. Dawa hiyo huongeza himoglobini ya aina ambayo mtoto huwa nayo akiwa tumboni, na hiyo huzuia nyuzi kuundwa. Majaribio ya Angola, Kongo, Kenya na Uganda yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba watoto wanaoitumia wanapata maumivu machache, wanaongezewa damu mara chache, na hata malaria huwapata mara chache. Kila mtoto anayeihitaji aipate kabla sijapewa hata tyubu moja ya utafiti. Ila haidroksiyurea nayo hufanya kazi kubwa kwa mtoto huyu na ndogo kwa yule, na sehemu ya kazi yake ni kuzifanya seli ziwe kubwa na zenye maji zaidi. Anayepima maji ya seli anapima pia kama dawa inafanya kazi. Vitu hivi viwili havigombanii mfuko mmoja kama inavyodhaniwa.

Tena sehemu kubwa ya vipimo vyenyewe si ya gharama. Rangi zinazong'aa zikikutana na kalsiamu, ambazo Roger Tsien alizibuni miaka ya 1980, zinahitaji hadubini maalumu na fedha, sikatai. Lakini kipimo cha kuanzia ni maji na chumvi. Unapanga tyubu kumi kwenye kibao. Ya kwanza ina chumvi ya asilimia 0.9, sawa na damu, na kila inayofuata ina chumvi pungufu, hadi ya mwisho ambayo ni maji matupu. Unadondoshea kila moja damu kidogo, unangoja nusu saa, unaweka ukurasa wa gazeti nyuma ya kibao. Kwenye tyubu za mwanzo huoni kitu, ni ukungu mwekundu tu. Mahali fulani katikati, maji yanakuwa angavu kama juisi ya rozela na herufi za gazeti zinasomeka: hapo seli zimejaa maji hadi zimepasuka. Kwa damu ya kawaida huanza kutokea karibu na asilimia 0.5. Seli zilizokauka zina nafasi ya kupokea maji mengi zaidi, kwa hiyo hustahimili hadi chumvi ya chini kuliko hiyo. Kwa kibao hicho, gazeti na mashine ileile iliyonisomea 7.9, ambayo kila hospitali kubwa inayo kwa ajili ya wagonjwa wa figo, unaweza kufuata upotevu wa potasiamu na maji kwa mtoto mmoja mwezi baada ya mwezi: akiwa mzima, akiwa na malaria, akianza dawa.

Sharti ni moja, na halinunuliki. Benchi la kazi liwe kwenye korido moja na kliniki. Damu itoke kwenye mkono saa mbili asubuhi, na saa mbili na dakika ishirini iwe kwenye tyubu ya kwanza. Chuo kikuu cha afya kiko juu ya kilima cha Bugando, kliniki ya sikoseli iko hapohapo, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ina kituo chake Mwanza hii hii. Umbali kati ya mgonjwa na mtafiti hapa kwetu unahesabika kwa hatua. Wanaotupita kwa mitambo watatuonea wivu kwa hilo.

Mama wa yule mtoto wa embe alirudi kliniki miezi kadhaa baadaye. Akanikuta mlangoni mwa maabara, akaniita daktari ingawa si daktari, kama wanavyotuita wote tuliovaa koti jeupe. "Daktari, mnaniambia nimnyweshe maji. Anakunywa. Usiku anaamka kukojoa mara nne, tano. Mbona bado anaumwa?"

Nilimkalisha nikamweleza habari ya figo: kwamba sehemu ya ndani ya figo ina oksijeni kidogo na chumvi nyingi, kwamba seli za mwanawe huharibikia huko mapema kuliko kwingine, na figo ikishaumia haiwezi kukoleza mkojo, kwa hiyo maji anayokunywa yanapita moja kwa moja. Ndiyo maana anapaswa kunywa mengi kuliko wenzake, na kukojoa usiku si uvivu wala si ukaidi, asimchape. Alitikisa kichwa, akasema, "Kumbe."

Kisha akauliza tena, kwa kuwa nilikuwa nimejibu nusu. Alitaka kujua yale maji yanayobaki, yanafika ndani ya hizo seli au hayafiki. Nilimwambia ukweli, kwamba kipimo kipo, ila hatukifanyi hapa. Nyuma yangu dirishani karatasi ya mwanawe ilikuwa imeegeshwa kwenye kibao, matone matano mekundu yameanza kuwa ya kahawia pembeni.